Tulipomngoja Absalom Apande

Jumatano, 2 Machi 1988

Mwalimu Maximilla wa ngumbaru amesema tuandike kila siku, hata mstari mmoja, la sivyo herufi zitatutoroka kama kuku wakifunguliwa asubuhi. Darasa letu ni la wazee na akina mama ambao hawakuona mlango wa shule. Tunakutana kanisani kazi za shamba zikiisha. Mwalimu ni Mluhya, Kijaluo chake ni cha kuombea maji tu, ndiyo sababu tunaandika Kiswahili.

Basi. Mimi ni Benta, mjane, mama yake Absalom na Oduor. Boma langu linatazama ziwa. Kisumu iko upande ule taa zinakoonekana. Mvua bado.

Alhamisi, 3 Machi

Joto. Mbuzi amekula sabuni.

Jumamosi, 5 Machi

Imenyesha usiku kucha na asubuhi nimepanda. Mvua ya kwanza haina subira na mtu. Nimeomba, nimechimba, nimetia mbegu tatu tatu, nimefukia. Boma limefunguliwa.

Kwetu mama wa boma ndiye anaanza. Akimaliza, inafuata nyumba ya mtoto wa kwanza, ndiyo nyumba ya Absalom. Halafu ya Oduor. Anayemtangulia aliye mbele yake amejiitia chira, ule ugonjwa wa kukonda usiosikia dawa. Pasta anasema hizo ni za giza, lakini pasta mwenyewe amengoja kaka yake apande.

Dorca, mke wa Oduor, alikuwa amesimama na jembe begani kabla sijanawa mikono. Akaniuliza sasa ni zamu ya nani, na anajua vizuri sana. Nikamwambia ni ya mwenye zamu. Huyu msichana ana jicho la kuhesabu. Oduor anajenga nyumba za watu kule Migosi, mjini Kisumu, anakuja Jumamosi kwa Jumamosi, na yeye Dorca hapa anaendesha kila kitu kama karani.

Jumapili, 6 Machi

Kanisani. Mahubiri marefu. Nimesinzia.

Jumatatu, 7 Machi

Nimempelekea Absalom mbegu katika kopo. Nimemkuta ameketi kwenye kizingiti anatazama mikono yake. Mikono hiyo mtaa mzima wa Manyatta, kule Kisumu, uliijua. Baiskeli iliyogongwa ikapinda kama mkia wa nguruwe, yeye alikuwa akiinyoosha huku anapiga hadithi. Mwaka jana alirudi nyumbani na mke wake Perez, watoto wawili, na pampu ya baiskeli. Baiskeli yenyewe hakuna.

Ni chang'aa. Alianza yeye. Perez alikuwa akimfuata kilabuni kumrudisha, halafu akawa anakaa kidogo kumngoja, halafu akaonja ili asionekane anajidai. Sasa wanafuatana.

Nimemwambia ardhi iko tayari. Amesema, kesho, Mama.

Jumanne, 8 Machi

Kesho, Mama.

Alhamisi, 10 Machi

Mvua nzuri, ile ya kuingia ndani. Kesho, Mama.

Ijumaa, 11 Machi

Niandike habari za Amolo. Ni binti yao wa kwanza, yuko darasa la tatu. Yeye na mdogo wake Tom wanalala kwangu. Wasichana hulala kwa dani, bibi yao, tangu zamani, kwa hiyo majirani hawana la kusema, na Tom nimemchukua kwa nguvu.

Leo shuleni walipewa maziwa ya Nyayo. Amolo hakunywa yake. Alitembea na pakiti chini ya sweta mpaka nyumbani, Tom akanywa amesimama, mpaka povu la mwisho. Nilimuuliza yeye amekunywa nini. Akasema hapendi maziwa. Mwongo. Ninajua anavyotazama ndama akinyonya.

Huyu mtoto anajua kumgeuza baba yake alale ubavu asipaliwe na matapishi. Anajua kuficha kiberiti mama yake asichome nyumba. Anajua kumwambia mwalimu kwamba mama ni mgonjwa. Wenzake wanacheza kati barabarani, wanarushiana mpira wa karatasi mpaka giza. Yeye hachezi.

Jumapili, 13 Machi

Amolo hakucheza.

Jumatano, 16 Machi

Mahindi yangu yametoka ardhini. Ya jirani yametoka. Shamba la Absalom ni jekundu tu, na la Dorca ni jekundu tu nyuma yake. Dorca anapita mbele yangu bila kusalimia na ndoo anaiweka chini kwa kishindo. Nimemwambia ndoo hiyo haikulewa.

Jumapili, 20 Machi

Zadock ametuita. Ni mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye mzee wa boma sasa. Tuliketi kwangu: yeye, Oduor, Dorca na mimi. Absalom tulimwita akasema anakuja.

Oduor alitazama viatu vyake. Dorca ndiye aliongea. Alisema ana watoto watatu, kwamba mvua haimjui Absalom, na kwamba mbegu ikiingia mwezi wa nne italiwa na jua. Nilitaka kumfinya lakini yote yalikuwa kweli.

Zadock akasema nyumba ya Absalom iachwe kando, Dorca apande.

Nikamwambia, "Inayoachwa kando ni nyumba ya maiti. Mtoto wangu anapumua."

"Anapumua pombe, Nyar Seme," akasema Zadock, akiniita binti wa Seme, kwetu nilikozaliwa.

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, bahati mbaya. Lakini nilipomaliza kucheka niliwaambia waelewe wanalolifanya. Ukimpita mtu katika kupanda, utampita katika kuvuna, utampita katika kila kitu, na siku akitaka kurudi atakuta mahali pake pamefukiwa. Kunywa kunaweza kuisha. Kuzikwa hakuishi.

Tukakubaliana Pasaka. Pasaka ikipita bila yeye kupanda, tutamhesabu pamoja na waliolala. Amolo ndiye alikuwa anatugawia chai. Alimimina ya Zadock mpaka ikajaa kisahani.

Jumatatu, 21 Machi

Nimemweleza Absalom neno la Pasaka. Amesema amesikia. Perez alikuwa amelala kwenye mkeka, nikamvutia leso imfunike miguu.

Alhamisi, 24 Machi

Absalom alichukua jembe asubuhi. Nikashukuru. Saa sita nimelikuta jembe peke yake limeegemea ua wa kilabu.

Jumamosi, 26 Machi

Amolo alikwenda kuni akarudi na matope mpaka magotini. Akasema ameteleza mtoni. Nimemwogesha kwa kelele.

Jumapili, 27 Machi

Matawi. Mbegu za kibuyuni juu ya jiko zimepungua. Panya. Nimetega mtego.

Jumanne, 29 Machi

Mtego umekamata kidole cha Zadock. Alikuwa anatafuta tumbaku. Nimemfunga kidole, na yeye amenilaani mimi na panya wote.

Jumatatu, 4 Aprili

Jana tuliimba ufufuo na leo nimeuona kwa macho.

Asubuhi Dorca alikuja mbio bila viatu. Nilidhani kuna msiba. Alinishika mkono akanivuta mpaka shamba la Absalom, upande wa chini unaoegemea mtaro. Mahindi yametoka. Mistari minne au mitano, kijani kama nyoka mchanga. Dorca alikuwa analia na kucheka, akasema, "Mama, amepanda. Shemeji amepanda." Na mimi niliyemwita karani nilimkumbatia.

Zadock alikuja na kidole chake kwenye kitambaa. Akapiga goti, akagusa jani, akasema nyumba ya Absalom imepita. Tukaenda kumwamsha mwenyewe.

Alitoka macho mekundu. Alitembea mpaka ukingoni akasimama sana. Akageuka akaniangalia.

"Mama, nilipanda lini?"

"Mkono ulikumbuka hata kama kichwa hakikukumbuka," Zadock akamjibu kabla yangu, na watu wakampigapiga mgongo. Perez alikuwa anakagua kucha za mumewe, kama mchanga bado ungekuwamo. Absalom alianza kutabasamu kidogo kidogo. Tangu arudi sijaona meno yake. Nilimwona tena yule wa Manyatta.

Kila mtu alitaka iwe hivyo. Nami pia.

Walipoondoka nilibaki nikainama. Mashimo yamekaribiana, hatua ya mtu mdogo. Katika shimo moja miche mitano, katika lingine saba. Hivyo ndivyo anavyomlisha Tom, anajaza tu ili isipungue.

Hakukuwa na panya.

Jumanne, 5 Aprili

Dorca amepanda shamba lote kwa siku moja, ameazima majembe na akina mama wa kanisa. Anaimba. Sijasema neno.

Jumatano, 6 Aprili

Sijasema. Absalom hakunywa leo mpaka jioni. Anapita kando ya shamba lake anaangalia. Nitasemaje?

Ijumaa, 8 Aprili

Amolo hali. Anasema ameshiba.

Jumapili, 10 Aprili

Hali. Hakucheza. Nguo ya kanisa imemlegea mabegani.

Jumatatu, 11 Aprili

Nilikuwa nachagua omena, vile visamaki vya ziwa, yeye amekaa karibu yangu anatoa mawe. Akaniuliza bila kuinua kichwa:

"Dani, chira inaanzia tumboni ama kichwani?"

Nikamuuliza nani anataka kujua. Akasema, hakuna. Halafu akaniuliza kama mtu akikonda sana anaumia, ama anaisha tu polepole kama sabuni.

Niliweka ungo chini. Nilimwambia nimeona mashimo. Hakukana. Alisema alipanda Jumamosi ile watu wakiwa sokoni, kwa sababu babu Zadock alisema baba atahesabiwa na waliolala, na baba hajalala. Anajua mtoto hapaswi kupanda shamba la wazazi kabla yao. Anajua kinachompata anayevunja mpangilio. Alifikiri, akaona afadhali yeye. Alikuwa amemfundisha Tom mahali pa kupata kikombe chake na jinsi ya kumgeuza baba ubavu, ili akiisha, Tom aweze.

Mungu wangu.

Nilimpakata kama mtoto wa kunyonya, miguu yake mirefu ikaning'inia. Nilimwambia chira inatafuta watu walio na jiko lao. Wewe una jiko? Hana. Una mume? Hana. Basi chira ikija hapa itapiga hodi mlango gani? Itachoka njiani irudi. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia nimezika mume na nimezaa wana, yeye ni nani wa kuniuliza hakika?

Alikula omena. Si nyingi.

Lakini niliona maneno yangu hayakumfika chini kabisa. Neno hili linahitaji kinywa kingine.

Jumanne, 12 Aprili

Nimekwenda kwao alfajiri, saa ambayo bado hawajanywa. Nilibeba uji na vikombe viwili. Nikakaa sakafuni katikati yao.

Nilikuwa nimepanga kusema polepole. Haikuwa polepole. Nilimwambia, "Si wewe uliyepanda. Ni Amolo."

Absalom alicheka kidogo, halafu hakucheka. Nikamweleza yote, matope ya magotini, sabuni inayoisha, kikombe cha Tom. Perez alijifunika uso kwa leso na sauti iliyotoka huko ndani sikuwahi kuisikia, hata kwenye matanga.

Absalom alizungusha kikombe chake mpaka uji ukaganda ngozi juu.

"Kwa hivyo nilifurahia bure," akasema.

"Ulifurahia kazi ya mtoto aliyekuwa anakufa kwa ajili yako."

Ni maneno makali. Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Halafu nikamshika kichwa nikamkumbatia, kwa sababu niliyemzaa ni huyu, sina mwingine mahali pake. Nilimwambia sikuja kumfukuza. Nimekuja kukaa. Kila jioni saa ile miguu yake inapojua njia yenyewe nitakuwa hapa mlangoni na uji wangu, na akitaka kupita atapita juu yangu, na mimi ni mnene.

Perez akatoa uso kwenye leso. Akasema, "Mama, mimi siwezi kuacha peke yangu akiwa anakunywa." Nikamwambia hakuna aliyesema peke yako.

Alhamisi, 14 Aprili

Nimekaa mlangoni. Absalom alitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Perez alitapika. Dorca nimemweleza. Nilidhani atapiga kelele kuhusu mpangilio na shamba lake. Badala yake akaniambia Amolo amekuwa akila kwake mchana tangu mwaka jana, hakutaka nijue nisione aibu. Karani gani huyu. Nimemkosea.

Ijumaa, 15 Aprili

Mlangoni. Wembe na jembe nimevipeleka kwa Zadock kwanza, Absalom asije akajidhuru.

Jumamosi, 16 Aprili

Mlangoni. Oduor alikuja kutoka mjini akakaa nami. Alileta mkate. Kaka yake akala vipande viwili.

Jumatatu, 18 Aprili

Nimemwomba Zadock aseme nini kifanyike kuhusu mahindi. Alikuna kidole kile. Akasema kung'oa chakula kilichoota ni matusi kwa Mungu na kwa mvua. Lakini shamba lina nafasi nyingi tupu, na mwenye nyumba hajaweka mbegu yake. Aiweke. Na aiweke mtoto akiona.

Jumatano, 20 Aprili

Leo.

Absalom na Perez walitoka asubuhi. Absalom anachimba, Perez anafuata na kopo. Mikono ya mtu aliyeacha chang'aa juzi si mikono. Mbegu zilimwagika nje ya shimo, kuku wakafurahi. Jembe lilimponyoka. Amolo alikuwa ameketi nami ukingoni na nilihisi mwili wake wote unataka kuinuka. Lilipoponyoka mara nyingine aliinuka, akakimbia kuliokota.

Absalom akamzuia kwa kiganja.

"Kaa chini, nyathina, mtoto wangu. Leo napanda mimi."

"Utachoka, Baba."

"Nitachoka."

Akarudi akakaa. Baba yake alikuja akachuchumaa mbele yake na matope yake. Alimwambia, mimi na watu wote tukisikia, kwamba ile mistari ya chini ni deni lake yeye baba na si kosa la mtoto, kwamba kama kuna kitu kinakuja kutafuta mtu katika boma hili, kimtafute yeye, anajulikana alipo. Amolo alimtazama macho, kama anavyotazama kila siku kujua amekunywa au hajanywa. Aliangalia sana. Halafu akapumua.

Hawakumaliza hata nusu. Mgongo umeniuma kwa kukaa tu.

Jumapili, 24 Aprili

Mvua. Mbegu zao zimelowa vizuri.

Jumanne, 3 Mei

Perez amekuja nami ufukweni kuanika omena. Midomo imempasuka, lakini alicheka mwenzetu alipofukuzana na korongo aliyeiba samaki. Nilikuwa nimesahau kwamba anacheka kwa pua.

Jumamosi, 14 Mei

Absalom ameanguka.

Alikwenda Kisumu na Oduor kutafuta vipuri vya baiskeli ya pasta, huko akakutana na wenzake wa zamani. Nimeletewa habari na watu wa sokoni kwamba amelala njiani karibu na daraja. Amolo alisikia kabla yangu. Nilimkuta tayari ameshika karai la maji na kitambaa, anatoka, uso wake ule wa zamani, uso wa mzee.

Nilisimama mlangoni. Nimeshawaambia mimi ni mnene. Nilimwambia baba yake ni mtoto wangu, na kazi ya kuokota mtoto wangu ni yangu. Yeye abaki.

Tulikwenda na Dorca na wilbaro. Dorca alisukuma. Njia nzima alilalamika: shemeji amenenepa tangu aanze kula, afadhali alipokuwa amekonda, alibebeka. Perez alitembea kando akimshikilia kichwa kisigonge chuma. Hakunywa yeye. Hata tulipopita mbele ya kilabu na watu wakamwita kwa jina.

Jumapili, 15 Mei

Absalom hakuweza kunitazama. Nimemwambia asilale chini, mahindi yanataka kupaliliwa. Jioni nimekaa mlangoni na uji wangu kama kawaida.

Jumatatu, 16 Mei

Amepalilia.

Alhamisi, 26 Mei

Amolo amekunywa maziwa yake mwenyewe shuleni. Tom amelia sana. Safi.

Jumamosi, 11 Juni

Baiskeli ya pasta imepona. Inapiga kengele mpaka kanisani. Watu wawili wameleta zao.

Jumatano, 29 Juni

Absalom alikunywa tena, kidogo, akarudi mwenyewe kwa miguu yake, akaja kuniambia kabla sijanusa. Nimemtukana na kumpa ugali.

Jumanne, 19 Julai

Nimefungua mavuno kwangu. Mahindi mazuri, nashukuru.

Jumamosi, 23 Julai

Zamu ya nyumba ya Absalom. Hakuna aliyeuliza ni zamu ya nani. Zadock alikuja, Oduor na Dorca walikuja na magunia, na hawawezi kugusa shamba lao mpaka huyu aguse lake.

Mahindi ya chini, yale ya miche saba shimo moja, yamebanana, yamezaa magunzi kama vidole. Ya juu, ya mikono inayotetemeka, yamepinda mistari kama mkojo wa ng'ombe na bado ni machanga. Shamba baya kuliko yote kijijini. Absalom alisimama mbele yake na mke wake, amevaa shati safi.

Alisema hatavuna kabla Amolo hajawa hapo, hindi la kwanza alitoe kwenye ile mistari ampe. Tukamwita. Tukaita tena. Dorca akapanda kichuguu akachungulia, akasema yuko kule barabarani na wasichana wa jirani, wanacheza kati, na mpira uko kwake.

Oduor alitaka kwenda kumleta. Nikamwambia amwache.

Basi tulimngoja. Boma zima, wazee na magunia na jua, tumesimama tunamngoja mtoto amalize kucheza, na hakuna aliyenung'unika, hata Dorca. Absalom alikaa chini kwenye udongo wake, akatazama upande wa kelele.

Amolo amekuja jua likielekea ziwani. Amechanika pindo, ana vumbi mpaka kwenye kope, na kuni nilizomtuma tangu asubuhi amezisahau kabisa. Nimemgombeza mbele ya watu wote mpaka sauti ikanikauka.

Akanicheka.